Mwezi Unaozaliwa Mkubwa

Kila asubuhi, kabla wauza chai hawajawasha majiko, Sikitu Njiku aliutangazia mji wa Ilongwe anga lake.

"Habari za asubuhi, wana-Ilongwe. Anga la leo: mapambazuko ya rangi ya papai, mawingu mepesi hadi saa nne, kisha buluu tupu mpaka alasiri. Machweo yatakuwa ya kawaida. Asanteni."

Sauti yake ilitoka kwenye vipaza sauti vya sokoni, vya stendi na vya hospitalini, na anga halikuwahi kumwangusha hata siku moja. Si kwamba Sikitu alikuwa mtabiri hodari. Yeye ndiye aliyekuwa akilipika.

Ilongwe ulikuwa mji ulio chini ya Paa. Jua la nchi ya kati lilipozidi kuwa kali, watu walijichanga, serikali ikaongezea, na juu ya mji mzima kukatandazwa magamba maelfu kwa maelfu, membamba, yameshikana kama ya samaki. Upande wa juu yalirudisha joto lilikotoka na kukinga maji ya mvua kwenda kwenye matanki. Upande wa chini yaliwaka, yakaonyesha anga lolote ambalo msimamizi ameliamuru kutoka chumba kidogo kilichokuwa juu kabisa ya jengo la halmashauri. Gamba lilikuwa na amri tatu: liwake, lifumbuliwe liwe angavu kama kioo, au likunjwe kabisa. Hiyo ya mwisho ilikuwa ya dharura tu, moshi au moto, na ilitumika mara moja, soko la mitumba lilipoungua.

Anga la namna hiyo ni raha, lakini lina ubishi wake. Krismasi ya kwanza chini ya Paa, mkurugenzi wa wakati ule, mtu mwema na mwenye haraka, aliamuru nyota kubwa ya dhahabu iwekwe juu ya uwanja wa katikati. Watu wakafurahi, wakapiga picha. Ilipofika Idi akaweka mwezi mwandamo. Watu wakafurahi tena, ila wapo waliopima kwa macho na kusema mwezi ni mdogo kuliko nyota. Mwaka uliofuata mwezi ukaongezwa, nyota nayo ikadai nyongeza, wenye maduka Wahindu wakaomba taa za Diwali, mganga mmoja wa tiba asili akaomba mbuzi mweupe, na chama kidogo cha watu wasio na dini kikaomba siku moja ya anga tupu ili na wao waone cha kwao. Mkurugenzi akapata shinikizo la damu, akaomba uhamisho.

Hapo ndipo alipoletwa Wakili Kokushubira, mwanasheria wa halmashauri, mama mrefu kutoka Bukoba ambaye hakuna aliyejua anasali wapi, na mwenyewe alijivunia hilo. Aliandika Sheria Ndogo ya Anga, fupi na kali: kwa kuwa Paa limejengwa kwa kodi ya wote, kitu cha dini yoyote kisionyeshwe juu yake. Na Wakili hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu nusu. Alipokwisha kuziondoa nyota na taa, alitazama anga lililobaki akagundua kuwa kule kusini kuna nyota nne zinazofanya msalaba. Akaamuru moja isogezwe pembeni kidogo. Kisha akautazama mwezi. Ulipokuwa mwembamba ulifanana sana na kile kilichokatazwa, basi akaamuru wembamba wake usionyeshwe.

Tangu hapo mwezi wa Ilongwe ukawa unazaliwa mkubwa. Siku za mwanzo haupo kabisa, halafu jioni moja unajitokeza nusu nzima, umenawiri, kama mtoto aliyezaliwa na meno. Sikitu ndiye aliyeziingiza amri hizo kwa mkono wake. Siku ile alicheka. Baadaye aliacha kucheka, ila hakumwambia mtu.

*

Waislamu wa Ilongwe hawakugombana na mtu. Kila mwisho wa Ramadhani walitoka nje ya lango, wakavuka daraja la korongo, wakapanda kilima cha mawe na kuutazama mwezi halisi wenyewe. Mambo yakaenda vizuri mpaka mwaka ambao mvua za Desemba zililibeba daraja. Na mwaka wenyewe ndio ule ambao sikukuu mbili zilikutana: Ramadhani ishirini na tisa iliangukia tarehe ishirini na nne ya Desemba. Mwezi ukionekana jioni ile, Idi na Krismasi zingekuwa siku moja.

Asubuhi hiyo hiyo wazee wawili walipanda ngazi hadi chumba cha anga wakihema. Wa kwanza alikuwa Shekhe Jumanne, baba yake mkubwa Sikitu. Wa pili alikuwa Mchungaji Yonathani wa Kilutheri, mjomba wake. Baba yake Sikitu alimwoa dada yake Mchungaji enzi hizo, na tangu siku ya harusi wazee hawa wakawa mashemeji, wenye ruhusa ya kutaniana mpaka kaburini. Nusu ya nyumba za Ilongwe zilikuwa hivyo. Sikitu alifuata dini ya baba, lakini kuku wa Krismasi wa mama yake hakuwahi kumkosa.

"Shikamoo baba. Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu," alisema Shekhe Jumanne, akitafuta pa kukaa.

"Marahaba," alisema Mchungaji. "Huyu shemeji yangu amezipanda ngazi zote hizi na saumu yake. Nimemsindikiza nisije nikaitwa kuzika."

"Unizike wewe kwa kitabu gani?" alisema Shekhe, na wote wawili wakaona ni vizuri kucheka kwanza kabla ya jambo lenyewe.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kulisema. Kilimani hapafikiki. Langoni walikwenda, lakini lango linatazama mashariki, na ukisimama pale Paa lenyewe linakuziba magharibi. Mwezi mchanga hukaa magharibi, chini chini, na haungoji mtu.

"Nina kamera juu ya Paa, baba," alisema Sikitu. "Jioni nitauleta mwezi hapa mezani, uutazame umekaa."

"Jicho, Sikitu, si picha. Sisi wa hapa tunafuata mwezi tuliouona, ndivyo nilivyowakuta wakubwa zangu. Na hiyo picha inapita kwenye mitambo ya nani? Ya kwako. Sitaki kesho niambiwe nimewafunguza watu saumu kwa mwezi uliopikwa na mtoto wangu."

Sikitu aliinamisha kichwa. Maneno yalimchoma kidogo, hasa kwa kuwa yalikuwa na haki.

"Basi mnataka nifanye nini?"

"Tukunjie paa lako upande wa uwanjani. Kidogo tu. Tutazame, tushuke, ulifunge."

"Nikiyafumbua magamba nitakuwa nimeuonyesha mwezi mwembamba, na umekatazwa. Kukunja, sheria inaniruhusu kukiwa na moshi au moto tu, baba. Nikikunja kwa jingine, kazi imekwisha siku hiyo hiyo."

Mchungaji alikohoa. Alikuwa na macho ya mtu mwenye wazo. "Vijana wa kwaya wana majani makavu nyuma ya kanisa. Yakiwaka kidogo tu, moshi si utakuwepo?"

"Mjomba."

"Nauliza tu."

"Wewe ni mchungaji."

"Ndiyo maana nimeuliza, sijawasha." Kisha akawa na uso wa kweli. "Sikiliza, mama. Unajua tumeshapanga. Nyumba zote zenye watu wa huku na huku kesho tunakula pamoja uwanjani, sinia moja. Mama yako amekwisha kuwatenga majogoo. Mwezi usipoonekana, nusu ya sinia wamefunga. Mimi sijapata kula kuku mbele ya shemeji yangu aliyefunga, na sitaanza uzeeni. Kila mtu atajifungia kwake na chakula chake. Na mwaka kama huu ukipita, mimi na huyu hatutauona mwingine."

Shekhe Jumanne alikuwa akilitazama dirisha, ambamo anga la papai lilikuwa likigeuka buluu kwa wakati wake uliopangwa.

Walipoondoka Sikitu alikaa na kitambulisho chake mkononi. Aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kukiri. Watu walimwita mtoto wa wote, kwa sababu anga lake halikuwahi kuegemea kwa mtu. Akimfungulia baba yake mkubwa, jina hilo limekwenda pamoja na kazi. Asipofungua, atakula wapi kesho, na kwa uso gani?

*

Wakili Kokushubira alimsikiliza mpaka mwisho. Ofisi yake haikuwa na kalenda ukutani, kwa sababu kila kalenda iliyoletwa ilikuwa na picha ya jengo la dini ya mtu.

"Hapana," alisema. "Si kwa ubaya. Ukikunja Paa kwa ajili ya mwezi wa Idi, serikali imefungua mlango wa dini moja. Kesho utaombwa nyota. Keshokutwa yule mganga atarudi na mbuzi wake."

"Wakili, mbuzi angekuwa kweli yuko juu kule, ningemfungulia watu wamwone. Sijaombwa kuweka kitu. Nimeombwa kuondoa."

"Tofauti ipo?"

"Tulipouondoa ule mwezi mwembamba, tulikuwa tunafanya nini?"

"Tulikuwa tunanyamaza. Serikali isiyo na dini hunyamaza."

"Kunyamaza ni kufunga mdomo wako. Sisi tuliuziba mdomo wa mwezi."

Wakili alitabasamu pembeni. "Mwezi haujaleta malalamiko."

"Hauna mwanasheria."

Tabasamu lilikaa kidogo, kisha likaondoka. Wakili alisukuma kiti nyuma. "Nikuambie kwa nini niliiandika ile sheria. Mtaani nilikokulia walianza na mapambo ya taa za barabarani, zipambwe kwa sikukuu ya nani. Jambo dogo kabisa. Wakamaliza kwa kukatazana kisima. Mama yangu alikuwa anachota maji mbali, na kisima cha karibu tunakiona dirishani. Nimekaa na kiu nikikitazama. Sitaki Ilongwe ifike pale, hata kama ni lazima watu wanione mwendawazimu wa kusogeza nyota."

Sikitu hakuwa ameijua habari hiyo. Alimhurumia, na hapo hapo akaona ugumu umeongezeka, maana ni rahisi kubishana na mtu asiye na sababu.

"Na swali moja," alisema Wakili. "Wewe mwenyewe umefunga?"

"Nimefunga."

"Basi hapa anayeniomba ni msimamizi wa anga, au ni mwenye njaa?"

Sikitu aliaga kwa adabu, akashuka.

Swali lile lilimfuata sokoni, likamfuata hadi kwenye kivuli cha duka la mafuta ya alizeti, na pale ndipo alipomwona Mwalimu Sylivesta akichagua nyanya. Mwalimu alifundisha fizikia sekondari, na alikuwa mwenyekiti wa kile chama cha wasio na dini, ambacho kilikuwa na wanachama wachache na vikao virefu. Sikitu akasimama ghafla, kwa sababu alikumbuka.

Mwezi wa saba Mwalimu alikuwa amepanda ngazi zile zile na kumwomba amkunjie magamba machache. Kulikuwa na nyota yenye mkia ikipita. Alitaka wanafunzi wake waione kwa macho, mara moja katika maisha yao. Sikitu alimjibu kwamba sheria hairuhusu, akarudi kwenye mitambo yake. Hakwenda kwa Wakili. Hakubishana na mtu. Hakukosa hata usingizi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umesimama hivyo, nyanya zimepanda bei?"

"Nilikukosea mwezi wa saba."

Mwalimu aliirudisha nyanya polepole. Sikitu akamweleza yote, wazee, daraja, sinia, na swali la Wakili. Akamaliza kwa kusema kwamba sasa anajua ni nani aliyekuwa akiomba kule ofisini. Alikuwa mpwa na mtoto wa ndugu. Msimamizi wa anga angekuwa ameomba tangu mwezi wa saba.

"Nyota yenyewe imekwenda," alisema Mwalimu Sylivesta. "Itarudi hata vitukuu wetu wakiwa hawapo. Siwezi kusema haikuniuma."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nikusamehe kwa sharti. Usifungue leo kwa sababu ni shekhe. Fungua kwa sababu mtu ameomba kutazama juu. Na kesho mwingine akiomba, awe nani, umfungulie. Ukiweza hilo, na mimi nakuja na darubini yangu." Akachukua zile nyanya. "Na kuhusu sinia, hao wasio na dini wanaruhusiwa?"

Saa saba mchana vipaza sauti viliita wakati usio wake, na mji mzima ukasimama kusikiliza.

"Wana-Ilongwe. Leo jioni, jua likizama, Paa litafunguliwa upande wa magharibi wa uwanja. Halitafunguliwa kwa sikukuu ya mtu. Anayetaka kutazama juu aje atazame: mwezi, ndege, mawingu, apendacho. Asiyetaka asitazame. Na kuanzia leo, yeyote atakayeomba kutazama nje, awe na dini au asiwe nayo, atafunguliwa. Uamuzi ni wangu, sikutumwa na mtu. Anayeona nimevunja sheria anajua ninapokaa. Asanteni."

Alizima kipaza sauti, akaitafuta rimoti ya magamba.

*

Kufikia magharibi uwanja ulikuwa umejaa. Kanzu zilikuwa mbele, kwaya ya Kilutheri ilikuwa upande wa kulia na majoho yake ya zambarau, kwa kuwa ilikuwa na mkesha wake baadaye, na wengine wote walijaa katikati bila mpango. Mwalimu Sylivesta alikuwa amesimamisha darubini juu ya meza ya muuza samaki. Sikitu alisimama karibu na nguzo ya mitambo na rimoti mkononi. Adhana ikalia. Waliofunga wakafuturu kwa tende na maji, na waliokuwa wakigawa tende walikuwa ni akina mama wa kwaya, wakisema "karibu, karibu" kwa sauti ya kwanza na ya pili.

Sikitu alijaribu njia ya upole kwanza. Akaamuru magamba ya magharibi yafumbuliwe yawe angavu.

Yakafumbuka, na uwanja mzima ukatazama tope. Miaka tisa ya vumbi la nchi ya kati, lililorowa kwa mvua za Desemba, ilikuwa imeganda juu ya Paa kwa unene wa chapati. Mtu akacheka, na kicheko kikaenea mpaka kwa Shekhe.

"Kumbe ndilo anga tulilokuwa nalo," alisema Mchungaji Yonathani.

"Yakunje," alisema Shekhe Jumanne.

Wakili Kokushubira aliwasili wakati huo huo. Watu walimpisha. Alifika mpaka kwenye nguzo, akasimama mbele ya Sikitu. Sikitu akavua kitambulisho shingoni, akamkabidhi kwa mikono miwili. Wakili akakipokea, akakitia mkobani.

"Unajua unachofanya," alisema.

"Najua. Hata wewe ungeomba ningefungua."

Akabonyeza. Juu kabisa kitu kikalia kwa sauti ya mlango uliokaa sana bila kufunguliwa. Magamba yakainuka safu kwa safu, yakajikunja, na tope likamwagika kwenye mfereji wa soko. Palipopangiwa machweo ya kawaida pakawa na shimo kubwa la kijivu. Upepo uliingia. Haukuwa wa mashine, ulikuwa unakuja na kuacha, na ulileta harufu ya udongo uliolowa. Kisha mvua ikaingia.

Ilikuwa manyunyu tu, lakini Ilongwe ilikuwa haijanyeshewa tangu Paa lilipotandazwa, na hakuna aliyekuwa na mwavuli. Wengine walikimbilia vibarazani, wakarudi. Mama mmoja alivua kilemba na kusimama na uso juu. Sikitu alilia, na kwa kuwa kila mtu alikuwa amelowa, hakuna aliyemwona, jambo ambalo alilishukuru.

Mawingu lakini yalikuwa mazito. Shekhe Jumanne na Athumani, muadhini wake, walikodoa macho magharibi. Dakika zilikuwa zinakwenda na mwezi kule nyuma ya mawingu ulikuwa unashuka. Sinia la kesho lilikuwa linashuka nao. Mchungaji aliacha utani. Kwaya nzima ilikuwa kimya, na kwaya ile kunyamaza lilikuwa jambo la kuandikwa.

Wingu likapasuka kidogo.

"Juu ya tanki la maji," alisema Mwalimu Sylivesta. Hakuwa hata kwenye darubini. "Upande wa kulia kidogo. Mwembamba sana."

"Mwalimu, nakuheshimu," alisema Shekhe, "lakini ushahidi wako sina pa kuuweka."

"Upo kweli, shemeji," alisema Mchungaji. "Nauona."

"Wewe hata ukiliona jua sikupokei. Uko wapi?"

"Pale," alisema Wakili Kokushubira.

Watu waligeuka. Mwanasheria wa halmashauri alikuwa amenyoosha mkono, nywele zimemlowa, amesahau kwamba ananyoosha mkono. "Pale, Shekhe. Fuata kidole changu."

"Mimi pia nimeuona," alisema Athumani muadhini. "Wallahi nimeuona."

Shahidi mmoja. Alitakiwa wa pili, na Shekhe Jumanne alikuwa akipepesa macho bila kuona chochote. Miwani yake ilikuwa imejaa mvua. Aliifuta kwa kanzu, kanzu nayo ilikuwa maji matupu, akazidi kuichafua. Wingu lilikuwa linarudi. Hapo Mchungaji Yonathani akavua miwani yake mwenyewe, aliyokuwa ameikinga muda wote chini ya ukingo wa kofia, akamvika shemeji yake masikioni. Walikuwa wamezinunua pamoja, duka moja, macho yao yakiwa yamechoka kwa kiasi kimoja.

Shekhe Jumanne akatulia.

Ulikuwa pale. Uzi tu, umeinama kidogo, juu ya tanki la maji la Ilongwe.

"Nimeuona," alisema taratibu. Halafu wasiwasi ukamwingia, maana alikuwa mtu wa uangalifu, akamgeukia muadhini wake. "Athumani, nimeuona kwa miwani ya Mlutheri. Inafaa?"

Athumani alifikiri kwa muda mfupi sana.

"Miwani haina dini, Shekhe. Inaonyesha tu kilichopo."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Wakili. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha takbira ikaanza mbele, ya sauti chache, ikapokewa, na ilipofika upande wa kulia kwaya haikuweza kuvumilia zaidi ikaanza wimbo wake wa Noeli, na kwa muda uwanja ulikuwa na kelele mbili zisizopatana hata kidogo, wala hakuna aliyetaka moja inyamaze. Mashemeji walishikana mikono. Mmoja alikuwa haoni kitu.

Wakili alimsogelea Sikitu. Mvua ilikuwa imeanza kukatika.

"Nikuulize kama mwanasheria," alisema. "Leo jioni Paa limeonyesha nini?"

Sikitu alitazama juu, kwenye lile shimo. "Halikuonyesha kitu."

"Sheria yangu inakataza kuonyesha." Akafungua mkoba, akatoa kitambulisho, akakipangusa maji. "Ile ya kukunja bila moshi bado ni kosa, na barua ya onyo utaipata, nitaiandika mwenyewe. Halafu tutakaa tuiandike sheria upya, na huyo Mwalimu wako awepo." Alimvika kitambulisho shingoni. "Na ile nyota ya kusini uirudishe mahali pake. Kila nikiitazama naona aibu."

"Kesho utakuja kwenye sinia?"

"Nimealikwa?"

"Mama yangu ametenga majogoo."

Wakili Kokushubira aliutazama mwezi, ambao sasa ulikuwa umebaki kipande tu nyuma ya tanki. "Nitakuja," alisema. "Maji nitaleta mimi."

*

Asubuhi Sikitu aliamka kwa mazoea, akapanda ngazi, akakaa mbele ya kipaza sauti. Upande wa magharibi Paa lilikuwa bado limekunjwa. Hakuna aliyekuwa amemwomba alifunge. Chini uwanjani mikeka ilikuwa imekwisha kutandikwa, na moshi wa majiko ulipanda moja kwa moja hadi nje, ukaenda zake.

Alitamani kuwapa watu heri zote mbili kwa jina la sikukuu zao. Neno lilifika mdomoni, likakaa. Alikuwa na kitambulisho shingoni, na heri hizo zilikuwa na wenyewe. Angewapa akishuka, akila nao.

"Habari za asubuhi, wana-Ilongwe," alisema. "Anga la leo..."

Akatazama mitambo. Hakuwa ameandaa kitu.

"Anga la leo sijui. Tokeni mtazame."

Milango ikaanza kufunguliwa.